Bawabu wa Mwale Usioonekana

Mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, karibu na mji wa Geneva, fundi anayetaka kushuka katika handaki la mtambo mkubwa wa kuharakisha chembe wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ili akaze nati moja iliyolegea hana budi kwanza achomoe ufunguo mdogo katika sanduku lililotundikwa ukutani, kisha aingie katika kibanda chembamba kinachopitisha mtu mmoja kwa zamu, aonyeshe beji yake ya kupimia mionzi, na kukikabili chombo kinachoisoma mboni ya jicho lake na kuyakinisha kuwa ni yeye wala si mwingine aliyeazima kadi yake. Ufunguo ule, kwa kuutazama, hauna ajabu yoyote. Lakini maadamu uko mfukoni mwake, na tundu lake sandukuni ni tupu, mtambo wenye mzunguko wa kilomita 27, uliozikwa chini ya ardhi kwa kina cha mita 50 hadi 175, hauwezi kupokea hata protoni moja. Mkurugenzi wa kituo hawezi kuuwasha, mwendeshaji mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuuwasha, na maelfu ya wanasayansi wanaongoja matokeo katika pembe zote za dunia hawana njia ya kuuharakisha, mpaka fundi yule apande juu, aurejeshe ufunguo mahali pake, na sanduku likiri kwamba hesabu imetimia.

Nia ya makala haya ni kuuchungua mfumo huo ambao ufunguo ule ni kipande chake kimoja tu: asili yake, sababu za kuaminiwa kwake, na namna ulivyopata kushindwa, kwani katika mambo ya usalama aliyeshindwa aghalabu hufundisha zaidi kuliko aliyeshinda. Nitauita komeo fungamani, kwa kuwa kazi yake ni kuyafunga mambo mawili pamoja hata moja lisiweze kutendeka ila lingine limekwisha kutendeka: mlango haufunguki ila mwale wa chembe umezimika, na mwale hauwaki ila mlango umefungwa. Watu wa pwani wenye kujua milango ya kale hawahitaji kuelezwa komeo ni nini. Tofauti ni kwamba komeo la nyumba humzuia mwizi asiingie alimo mwenyeji, ilhali hili humzuia mwenyeji mwenyewe asiingie katika nyumba yake saa isiyomfaa.

Tuanze na hatari yenyewe. Mtambo wa kuharakisha chembe, ukiondolewa fahari ya ukubwa wake, ni bomba lililonyonywa hewa, lenye umeme wa kuzisukuma chembe na sumaku za kuziongoza njia. Chembe hizo, ziwe elektroni au protoni, zikigonga chuma kwa mwendo unaokaribia ule wa nuru, huzua mionzi ya namna nyingi, mingine ikiwa ni nyutroni zipenyazo mahali ambapo risasi na chuma haviwezi kuzizuia vyema. Mnyama mkali hunguruma, moto hutanguliza joto, na hata gesi ya jikoni hutiwa harufu makusudi ili mpishi aitambue kabla haijamdhuru. Mwale huu hauna sauti wala harufu wala joto la kumwonya mtu, na aliyepigwa nao huenda akaondoka akipiga mluzi, asijue lililompata mpaka ngozi yake ianze kuwa nyekundu siku kadhaa baadaye. Kanuni za kimataifa zinamruhusu mfanyakazi wa mionzi kupokea wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Mwili mzima ukipata grei nne au tano kwa mara moja, yaani mara mia mbili ya kiasi hicho au zaidi, nusu ya waliopatwa hufa wasipotibiwa. Na ndani ya chumba cha mtambo wenye nguvu, kiasi hicho hupatikana kwa muda mfupi kuliko wa kusoma sentensi hii.

Walakini mtambo huu una fadhila moja ambayo madini ya mionzi hayana. Kobalti 60 hutoa mionzi usiku na mchana, pawe na umeme pasiwe na umeme, na haisikii amri ya mtu. Huwezi kuizima, utaificha tu. Mtambo wa kuharakisha chembe ukikatiwa umeme, mwale hufa papo hapo. Kwa sababu hiyo ulinzi wa watu katika mitambo hii, ghairi ya kuta nene za zege, umekuwa tangu mwanzo ni suala la mlango na swichi, na la nani mwenye neno la mwisho kati ya hivyo viwili.

Wazee wa fani hii hawakuanza na hadhari. Ernest Lawrence na wanafunzi wake huko Berkeley, Marekani, walipounda mitambo yao ya mviringo mwanzoni mwa miaka ya 1930, wa kwanza ukiwa mdogo wa kushikwa kwa mkono mmoja, walikuwa wakifanya kazi pembeni mwa mwale kama mhunzi afanyavyo kazi pembeni mwa mvukuto. Nduguye John, aliyekuwa tabibu, alimweka panya karibu na mtambo ili aone mionzi itamfanya nini, na alipomtoa alimkuta amekufa. Vijana waliingiwa na hofu kubwa, wakakubali mtambo uzungushiwe ukuta wa maji, jambo ambalo maneno matupu hayakuwa yamelipata kwao. Baadaye ilibainika kwamba panya yule alikufa kwa kukosa hewa, mionzi haikuwa imemuua. Lakini aliyeigundua kweli hiyo hakuwa na pupa ya kuitangaza, na sijui kama tuna haki ya kumlaumu. Fauka ya hayo, hofu ile ilikuwa na haki yake: mnamo mwaka 1949 ilitangazwa kwamba wanafizikia kadhaa wa Marekani waliokuwa wamefanya kazi na mitambo hiyo, wengi wao wakiwa bado vijana, walikuwa wameota mtoto wa jicho, maradhi tuliyozoea kuyaona kwa wazee. Nyutroni zilikuwa zimewapofusha polepole kwa muda wa miaka, bila ya siku hata moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema, hii ndiyo iliyonidhuru.

Fikra ya komeo fungamani haikuzaliwa katika maabara. Ililetwa kutoka relini. Mwaka 1856 John Saxby wa Uingereza alipata hataza ya kuziunganisha nyenzo za kuongozea njia za treni pamoja na zile za ishara, ili mlinda njia asiweze, hata akitaka, kumpa dereva ishara ya kupita wakati njia imeelekezwa kwingine. Na katika reli za njia moja dereva hakuruhusiwa kuingia katika kipande cha njia ila amekabidhiwa mkononi kijiti au kibao cha kipande hicho; na kwa kuwa kibao ni kimoja, treni mbili haziwezi kukutana uso kwa uso. Ufunguo wa Geneva ni mjukuu wa kibao kile. Vyote viwili vimesimama juu ya hekima moja: ruhusa imegeuzwa kuwa kitu cha kushikika, kisichoweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, na ambacho mtu hawezi kudhani anacho ilhali hana. Neno husahaulika, karatasi huandikwa upya, simu husikika vibaya; lakini kipande cha chuma ama kimo katika tundu ama hakimo.

Hekima ya pili ni ngumu zaidi kuiona, nayo ndiyo inayotenganisha komeo la kweli na mapambo. Bawabu wa mtambo lazima asemeshwe daima ili aruhusu, na akinyamaziwa akatae. Umeme mdogo hupita katika kila mlango, kila kitufe cha dharura na kila sanduku la funguo, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi mmoja. Na uzi ukikatika popote, iwe kwa mlango uliosukumwa, kitufe kilichobonyezwa, panya aliyetafuna waya au umeme uliopotea mji mzima, mtambo huzimika. Linganisha na taa nyekundu juu ya mlango, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo kinga yenyewe. Taa ile siku ikiungua husema kwa giza lake kwamba hakuna hatari, nayo ikisema hivyo huwa inasema uongo kwa sauti ile ile iliyokuwa ikisema kweli. Ndiyo maana wahandisi waangalifu huifunga taa nayo katika uzi wa shanga: ikiungua, mwale hauwaki.

Na kwa kuwa kila kifaa kina siku yake ya kufa, hakiachiwi kifaa kimoja dhamana ya roho ya mtu. Desturi ni kuuzuia mwale kwa njia mbili zisizo za asili moja, kwa mfano kuikatia umeme sumaku inayoupinda mwale kuelekea chumbani, na papo hapo kushusha bonge la chuma katika njia yake, ili kosa la aina moja lisiweze kuziangusha zote mbili. Katika mtambo mkubwa wa CERN chembe huzunguka handaki zaidi ya mara elfu 11 kwa sekunde. Mlango wa handaki ukilazimishwa, mwale wote hutolewa na kutupwa katika bonge la makaa kwa muda usiozidi mizunguko mitatu, yaani chini ya theluthi moja ya sehemu ya elfu ya sekunde, kabla mguu wa aliyeusukuma mlango haujagusa sakafu.

Basi ikiwa mambo yamepangwa kwa ustadi huu, watu waliumiaje? Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo, na msomaji aniwie radhi nikikaa.

Tarehe 13 Julai 1978, katika mji wa Protvino wa Urusi ya Kisovieti, mwanafizikia Anatoli Bugorski, mwenye umri wa miaka 36, aliinama kukagua kifaa kilichoharibika katika mtambo uitwao U-70, uliokuwa miongoni mwa mitambo yenye nguvu kubwa kabisa duniani wakati huo. Vilinda usalama havikufanya kazi siku ile, na mwale wa protoni ulipita ndani ya kichwa chake, ukaingilia nyuma na kutokea karibu na pua. Aliona mwako wa nuru uliopita mng'ao wa jua mara nyingi, lakini hakuhisi maumivu. Akaimaliza kazi yake. Mahali ulipopita mwale palipata kipimo cha maelfu ya grei. Upande wa kushoto wa uso wake ulivimba, ngozi ikabambuka, matabibu wakangoja kumzika, naye akaishi. Sikio la kushoto likafa, nusu ya uso ikapooza, na baadaye akamaliza shahada yake ya uzamivu. Mwale ule ulikuwa mwembamba mno, ndiyo salama yake. Ninalolikumbuka katika kisa hiki kuliko nuru ile ni kwamba aliinama. Mtu mwenye elimu, mwenye kuujua mtambo kuliko wengi, aliinamisha kichwa katika njia ya mwale kwa sababu alikuwa na yakini kwamba mwale haupo.

Neno hilo yakini ndilo uzi ninaouona ukipita katika visa vyote vilivyoandikwa. Mwezi Agosti 1991, huko Forbach, Ufaransa, wafanyakazi watatu waliingia katika chumba cha mtambo wa elektroni wa kiwandani kwa kupitia njia ya mkanda wa kubebea mizigo, wala hawakupita mlangoni. Chanzo cha elektroni kilikuwa kimezimwa, lakini umeme mkubwa wa kusukuma ulikuwa umeachwa ili kuokoa muda wa kuuwasha tena. Na elektroni chache zinazochopoka zenyewe katika chuma, bila ya kuitwa na mtu, zikasukumwa na umeme ule kama zile zilizoitwa, zikawaunguza vibaya. Mwezi Desemba mwaka huo huo, katika jimbo la Maryland, Marekani, mwendeshaji mmoja alipatwa na jambo la namna ile ile alipokuwa akitengeneza mtambo wake, na miezi michache baadaye alikatwa vidole vya mikono yote miwili. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Novemba 1992, mwanasayansi mmoja huko Hanoi, Vietnam, aliingia katika chumba cha mtambo bila ya waendeshaji kujua, akairekebisha kwa mikono sampuli iliyokuwa mbele ya mwale. Alipoteza mkono mmoja. Kila mmoja wao alikuwa na yakini: kwamba chanzo kikizimwa hakuna mwale, kwamba aliyeko chumba cha pili anajua niko hapa, kwamba dakika moja haidhuru. Hapana mjinga hata mmoja katika orodha hii. Mjinga huogopa mlango usioujua; anayeingia ni mjuzi.

Kwa hiyo nasema kwamba komeo fungamani halikuumbwa kumlinda mtu dhidi ya mionzi, kwa maana kuta zinatosha kwa kazi hiyo. Limeumbwa kumlinda dhidi ya yakini yake. Halimwulizi anaamini nini; linamwuliza ana nini mkononi.

Lakini yakini haikubali kushindwa upesi, na ikizuiwa mlangoni hutafuta dirisha. Kisa kinachofaa kusomwa na kila mhandisi wa fani hii hakikutokea katika mtambo wa kuharakisha chembe, bali katika jamaa yake, kituo cha kusafisha vifaa vya tiba kwa kobalti huko Soreq, Israeli, tarehe 21 Juni 1990. Maboksi yalikwama katika mkanda, yakaizuia kobalti isishuke mahali pake pa kufichwa. Mwendeshaji aliona mbele yake ishara mbili zinazogombana: moja ikisema kobalti imeshuka, nyingine, ya king'ora cha mionzi, ikisema chumba kina mionzi. Akaiamini ile iliyomfaa. Akakinyamazisha king'ora, akalihadaa komeo la mlango, akaingia kutoa maboksi. Alikaa ndani kama dakika moja hivi, na siku 36 baadaye alifariki.

Ni rahisi kumlaumu marehemu, na taratibu zilimkataza waziwazi alilolifanya. Lakini mtu akikaa na bawabu anayepiga kelele kwa paka, kwa upepo na kwa jani lililoanguka, siku mwizi akija atageukia upande wa pili alale. King'ora kinacholia bure kila wiki hakina upungufu mdogo wa ufundi tu. Kinawafundisha watu, darasa baada ya darasa, kwamba neno lake si kitu, na kwamba mwenye kazi ya haraka anajua njia ya kulizunguka. Wahandisi wengi hujivunia komeo linalokatalia kila kitu. Mimi naona komeo linalozuia pasipo sababu ni hatari karibu sawa na lile lisilozuia penye sababu, maana la pili lina upungufu wa siku moja, na la kwanza linaharibu tabia ya watu wote wa kituo kwa miaka.

Wajapani walionja jambo hili tarehe 23 Mei 2013, katika kituo cha J-PARC huko Tokai. Mwale wa protoni uliopaswa kutolewa polepole kwa muda wa sekunde mbili ulitoka wote kwa sehemu tano za elfu ya sekunde, ukaipiga shabaha ya dhahabu kwa nguvu iliyoiharibu, na vitu vya mionzi vikavuja katika ukumbi wa majaribio. Mtambo wenyewe ulikuwa umejisimamisha kwa king'ora. Waendeshaji wakakidhania kuwa ni kosa dogo, wakakirudisha katika hali yake, wakaendelea. Na mionzi ilipopanda ukumbini, mafeni ya kutolea hewa yaliwashwa, yakaipeleka nje ya jengo. Watu 34 walipata mionzi, aliyepata nyingi zaidi akiwa na milisiveti 1.7, kiasi kisichofikia hata sehemu ya kumi ya ruhusa ya mwaka ya mfanyakazi. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo kituo kilifungwa na taratibu zake zikaandikwa upya, na ni haki, kwani kilichojitokeza siku ile ni mpaka uliokuwa haujachorwa vizuri: king'ora cha kuulinda mtambo kilichukuliwa kuwa jambo la mtambo peke yake, la kurekebishwa na wenye mtambo, ilhali ukumbini mlikuwa na watu.

Suala jingine kubwa katika fani hii ni la kompyuta, na juu yake damu imekwisha kumwagika. Kati ya mwaka 1985 na 1987, katika hospitali za Marekani na Kanada, wagonjwa sita wa saratani waliotibiwa kwa mtambo wa elektroni uitwao Therac-25 walipigwa vipimo vikubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafa kwavyo. Mitambo iliyoutangulia, Therac-6 na Therac-20, ilikuwa na makomeo ya waya na chuma. Waundaji wa huu mpya waliyaondoa, wakaikabidhi programu ya kompyuta dhamana yote. Huko Tyler, Texas, mwezi Machi 1986, mwendeshaji hodari aliandika herufi ya mionzi ya eksi badala ya ile ya elektroni, akaitambua, akaisahihisha kwa upesi wa mkono uliozoea. Ilimchukua chini ya sekunde nane ambazo sumaku zilihitaji kujipanga, na programu haikuona kwamba amebadili neno. Mwale wa nguvu kubwa ukatoka bila ya kile kinachopaswa kuupunguza. Kioo kikaandika kosa namba 54, pasipo kueleza maana yake. Naye, aliyezoea kuona makosa ya namna hiyo kila siku, akabonyeza herufi ya kuendelea. Siku hiyo kamera ya chumba ilikuwa haikuunganishwa na chombo cha sauti kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo hakumwona wala hakumsikia mgonjwa alipojaribu kuinuka. Katika kisa kingine cha mtambo huo huo, huko Yakima mwaka 1987, hesabu ndogo ndani ya programu ilirudi sifuri kila ilipofika mara ya 256, na kwa mara hiyo moja ukaguzi ukarukwa.

Nancy Leveson na Clark Turner waliueleza mkasa huu mwaka 1993 kwa uchambuzi ambao bado unasomeshwa, na ndani yake mna jambo dogo linalonivutia kuliko yote. Kosa la Tyler lilikuwemo pia katika programu ya Therac-20, uliotumika miaka mingi bila ya kumdhuru mtu. Mwanafizikia mmoja wa Chicago alikuwa ameona kwamba kila muhula wanafunzi wapya walipokuja na kubonyezabonyeza vitufe ovyo, fyuzi za mtambo zilikatika. Na wanafunzi walipozoea, fyuzi zikakoma kukatika. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo mpaka habari za Tyler zilipofika. Programu ilikuwa ikikosea, na waya ulikuwa ukilipa deni lake kimyakimya, bila ya kudai shukrani. Walioyaondoa makomeo katika mtambo mpya walidhani wanaondoa kilichokuwa hakifanyi kazi, kwa sababu hawakupata kusikia kelele za kazi yake.

Sitaki nionekane adui wa kompyuta. Handaki la kilomita 27 lenye milango mingi haliwezi kulindwa kwa nyaya na relei pekee pasipo kugeuka msitu ambao hakuna fundi atakayeuelewa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutolewa kanuni ya kimataifa, IEC 61508, inayopanga mifumo ya usalama katika daraja nne na kumlazimu mwundaji wa programu athibitishe, kwa hesabu na kwa majaribio, kiwango cha kuaminika kwake. Wenye busara huvitumia vyote viwili: kompyuta maalumu za usalama zinazokaguana, na pembeni mwake mkondo wa waya usiojua lugha ya programu yoyote, wa kukata mambo yaliyo makubwa kabisa. Nikiulizwa nichague kimoja, nitauchagua waya.

Kwa ufupi nitaje mambo mawili yasiyopaswa kusahaulika. La kwanza ni kwamba mlango uliofungwa hulinda hata dhidi ya yale ambayo aliyeufunga hakuyawazia: tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa tu baada ya mwale wa kwanza kuzungushwa, kiungio cha umeme kati ya sumaku mbili za CERN kiliyeyuka, na heliamu baridi, jumla yake ikifika tani sita, ikalipukia handakini kwa nguvu iliyozing'oa sumaku nzito katika misingi yake. Hapakuwa na mionzi ya kutisha, lakini heliamu ile ingemnyima pumzi yeyote aliyekuwapo. Taratibu zilikataza watu kuwamo wakati wa majaribio ya umeme, na handaki lilikuwa tupu. La pili ni kwamba mwale ukizimika, mionzi haiishi yote. Vyuma vilivyopigwa muda mrefu hugeuka navyo kuwa vyenye mionzi, na hupoa kwa masaa, siku au miaka. Komeo linaweza kulihesabu hilo kwa kuchelewesha kufunguka, lakini baada ya hapo kazi ni ya mpimaji anayetangulia na chombo chake mkononi.

Limebaki jambo ambalo hakuna chombo kilichoweza kulifanya badala ya mtu. Kabla ya mtambo kuwashwa, ni lazima ijulikane kwamba ndani hamna mtu, na ufunguo uliorudi sandukuni ni ushahidi mzuri usiotosha, kwani wapo waliopita mlangoni sambamba na mwenzao pasipo kuchukua wa kwao. Basi wawili au watatu hutumwa kusaka. Hutembea handaki au chumba chote kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, wakichungulia nyuma ya sumaku, chini ya ngazi na katika pembe zenye giza, na kila mahali palipopangwa hubonyeza kitufe kilichotundikwa makusudi kule ndani kabisa, ili asiyefika asiweze kusema amefika. Vitufe vina mpangilio wake na muda wake. Aliyeruka kimoja, au aliyekawia, huanza upya. Wakitoka, mlango hufungwa nyuma yao, na ukifunguliwa tena hata kwa unyayo mmoja, msako wote umebatilika. Kisha taa za ndani hufifia au kumetameta, king'ora hulia, na hungojwa muda wa kutosha kwa aliyesahauliwa, kama yupo, kukimbilia kitufe chekundu kilicho karibu. Mfumo uliojengwa kwa kutomwamini mtu yeyote unafikia hapa na kumwamini mtu mmoja, macho yake na miguu yake, saa nane za usiku, akiwa amechoka na anajua kwamba wenzake wote wanamngojea yeye.

Mitambo mikubwa ya namna hii haiko kwetu Afrika Mashariki, lakini midogo yake ipo, katika vyumba vya kutibia saratani vya Ocean Road jijini Dar es Salaam, na vya Nairobi na Kampala, mahali ambapo mashine za elektroni zimekuja kusaidiana na zile za kobalti au kuzirithi. Komeo lao ni lile lile kwa udogo: mlango mzito au njia ya kupindapinda yenye kuta za zege, swichi mlangoni, na mara nyingi kitufe ndani ya chumba ambacho mtaalamu wa tiba ya mionzi hukibonyeza anapotoka wa mwisho, kisha ana sekunde chache za kuufunga mlango. Lakini kuna tofauti ambayo Geneva haina. Katika chumba hiki mtu amebaki ndani kwa makusudi, amelala chali juu ya kitanda chembamba, ameambiwa asitikisike, na mashine itawashwa yeye akiwamo. Komeo la mlango halina la kumfaa huyo. Kinachomlinda ni vile vikaguzi vingine vilivyojificha ndani ya mashine yenyewe, vya aina ile ile iliyoondolewa katika Therac-25, na kamera ambayo yule aliyetoka huiangalia kabla hajaugusa ufunguo, akimwita mgonjwa kwa kipaza sauti: "Mama, uko sawa? Tunaanza sasa."